Ati kuna digrii ya watoto?

Najua nimepotea humu ndani, mnisamehe. Wiki tatu hizi zilikuwa za majaribio na kazi za vikundi, na ninyi mnaosoma ualimu mnajua kazi ya kikundi maana yake ni watu wawili kuandika na wanane kuleta majina yao. Leo Jumamosi mvua inanyesha, boom limeshakwisha kwa hiyo hakuna pa kwenda, wenzangu chumbani wamelala. Nikaona nilipe deni. Deni lenyewe ni swali nililoulizwa nyumbani Mngeta likizo iliyopita nikashindwa kulijibu, tangu siku ile linanikera.

Kwa wasioijua, Mngeta iko bonde la Kilombero. Ukitoka Ifakara unashika njia ya Mlimba, kulia kwako milima ya Udzungwa, kushoto mpunga mpaka macho yachoke. Sasa jioni moja tumekaa uani, mpunga umeshapigwa na kupepetwa, tunangoja chakula. Mimi kwa kimbelembele changu nikasema kwamba nikimaliza digrii ya ualimu ningependa niendelee na uzamili, nisomee malezi na makuzi ya watoto, baadaye nifanye kazi na watoto na familia zao. Baba mdogo akaanza kucheka mpaka akaweka kikombe chini. "Ati kuna digrii ya watoto? Mwanangu, bibi yako pale amelea tisa, wajukuu sihesabu. Nani alimpa digrii?"

Wote wakacheka, na bibi mwenyewe akacheka. Mimi pia nikacheka, ningefanyaje. Lakini baadaye, watu walipotawanyika, akaniambia kwa sauti ya chini kitu ambacho hakikuwa cha kuchekesha. Akanikumbusha magunia ya mpunga yaliyouzwa ili mimi nifike chuo. Akanikumbusha mdogo wangu, ambaye ana mambo yake nitakayoyaeleza huko mbele. Akasema, "Sikukatazi. Ila nataka nijue hiyo digrii inafanya nini ambacho bibi yako hawezi." Jamani, hilo swali si la kijinga hata kidogo. Niliporudi chuoni nikaanza kulitafutia jibu maktaba, na jibu nilikuta liko kwenye historia. Chukueni chai, ni ndefu kidogo.

Mngeta isiyo na watoto

Nilianza kwa kutafuta historia ya kwetu. Ukiitafuta Mngeta kwenye vitabu utakutana na reli na mpunga. Reli ya TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975, ikapita kwetu ikielekea Mlimba na Makambako. Kisha utakuta shamba kubwa la mpunga la KOTACO, ubia wa serikali yetu na Wakorea wa Kaskazini, lililoanza mwaka 1986. Tani, hekta, mabehewa. Watoto hawamo. Ungedhani bonde zima liliishi watu wazima watupu wenye majembe.

Kumbe watoto wamo, ila wako kwenye vitabu vya aina nyingine. Mwaka 1935 kilitoka kitabu kuhusu Wabena wa bonde letu kiitwacho Ubena of the Rivers, kilichoandikwa na A. T. Culwick, afisa wa serikali ya kikoloni, na mkewe G. M. Culwick. Sura moja iliandikwa na Mtema Towegale Kiwanga. Miaka michache baadaye mke na mume hao wakatoa uchunguzi kuhusu watu wa Ulanga, yaani uzazi na vifo na idadi yao. Maana yake ni kwamba zaidi ya miaka 80 iliyopita, mtu alishapita kwenye nyumba za bonde letu akiuliza akina mama wamezaa wangapi na wamebaki wangapi.

Na huko Kilimanjaro, Otto Raum, mtoto wa mmisionari wa Kijerumani, alitoa mwaka 1940 kitabu kizima kuhusu utoto wa Wachaga: michezo yao, kazi zao, adabu, jinsi wanavyofundishwa. Alichokuwa anasema ni kwamba watoto wa Kiafrika walikuwa na elimu kabla shule haijaja. Mwalimu Nyerere alikuja kulisema jambo la namna hiyo hiyo mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea, kwamba mtoto wa zamani alijifunza kwa kuishi na kutenda pamoja na wakubwa wake.

Kwa hiyo hoja ya kwanza ya baba mdogo ni kweli tupu. Ujuzi wa kulea ulikuwepo. Bibi hakungoja cheti.

Sebuleni kwa akina mama wa Buganda

Lakini kilichonifanya nisahau hata kwenda kula kinatoka Uganda. Mwaka 1954 mwanasaikolojia mmoja aitwaye Mary Ainsworth alifika Kampala. Hakuja kwa ajili ya watoto wa Uganda. Mume wake alikuwa amepata kazi Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki pale Makerere, naye akamfuata. Alipofika akaona asikae bure. Akatafuta familia 26 katika vijiji vilivyo karibu na Kampala, zenye watoto wachanga 28 ambao bado walikuwa wananyonya. Kila baada ya wiki mbili alizitembelea nyumba hizo pamoja na mkalimani wake, akakaa sebuleni saa mbili mchana, wakati ule ambao akina mama wa Kiganda hupokea wageni, akatazama tu. Familia nyingine alizifuata hivyo kwa muda wa hadi miezi tisa.

Sasa alitazama nini? Vitu vidogo ambavyo mimi na wewe tumeviona kila siku bila kuvihesabu. Mtoto anatambaa kutoka kwa mama yake kwenda kuchokoza kikapu, anageuka nyuma kuangalia kama mama yupo, anaendelea. Mama akiondoka analia, akirudi anamkimbilia. Mtoto mwingine analia hata akiwa mapajani. Mwingine hajali mama yupo au hayupo. Ainsworth akaanza kujiuliza tofauti hizo zinatoka wapi, akaona zinahusiana na jinsi mama anavyomsoma mtoto wake na kumwitikia. Na hapa kuna jambo lililonigusa sana: aliona kwamba watoto waliokuwa na mfungamano mzuri na mama zao walikuwa mara nyingi wa wale akina mama walioweza kumsimulia mtoto wao kwa undani. Mama anayejua kwamba huyu kilio hiki ni cha njaa na kile ni cha usingizi, huyu hapendi kubebwa hivi, huyu tangu juzi amebadilika.

Kitabu chake cha Uganda kilitoka 1967. Baadaye alirudia kazi ya namna hiyo Baltimore, Marekani, na kutokana na hayo yote nadharia ya mfungamano wa mtoto na mlezi ikasimama. Leo ni vigumu kupata chuo kinachofundisha uzamili wa makuzi ya mtoto, ustawi wa jamii au malezi ya kambo bila kumtaja. Sisi wenyewe tulipewa kurasa mbili za desa, tukakariri jina lake kwa ajili ya mtihani, na hakuna aliyetuambia kwamba yalianzia hapo jirani, sebuleni kwa akina mama wa Buganda.

Na hakuwa peke yake. Robert LeVine alikaa na Wagusii wa Kenya miaka ya 1950, akarudi tena miaka ya 1970. Beatrice Whiting na wenzake walifanya kazi Ngecha karibu na Nairobi. Charles Super na Sara Harkness walikaa Kokwet miaka ya 1970, wakaandika kuhusu mazingira anayokulia mtoto: nyumba, desturi, na fikra za wanaomlea. Ukiondoa vijiji vya Afrika Mashariki kwenye vitabu hivi vya kizungu vya makuzi ya mtoto, kurasa nyingi zitabaki tupu.

Nikawa na hasira kidogo, nakiri. Tulitoa darasa, wengine wakatunukiwa digrii. Lakini hasira ikipungua unaona somo. Alichokuwa anafanya Ainsworth ni kazi ya bibi: kumwangalia mtoto mmoja kwa makini, kwa muda mrefu, bila haraka. Tofauti ni kwamba yeye aliandika, akalinganisha mtoto huyu na yule, akatoa maneno ambayo mtu wa mbali asiyemjua mtoto huyo anaweza kuyatumia. Shikeni hapo, nitaparudia.

Waliofundishwa kwetu walifundishwa nini

Wakati wenzetu wanaandika vitabu, huku kwetu serikali ilimwonaje mtoto? Mkoloni alimwona kupitia mahakama. Mwaka 1937 ilikuja sheria ya watoto na vijana, ambayo sehemu yake kubwa ilihusu mtoto aliyefikishwa mbele ya hakimu. Mwaka 1949 ikaja sheria ya matunzo ya mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, ambayo iliweka kiwango cha matunzo kisichozidi shilingi 100 kwa mwezi. Jamani, shilingi 100 hiyo ilibaki kwenye vitabu vya sheria mpaka 2009! Sote tunajua shilingi 100 ilikuwa inanunua nini mwaka huo. Pipi.

Baada ya uhuru tulianza kufundisha watu wetu. Chuo cha maendeleo ya jamii Tengeru kilianza 1963. Taasisi ya Chakula na Lishe iliundwa kwa sheria ya 1973, na mwaka huo huo ikatungwa sheria iliyoanzisha kile ambacho leo ni Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama. Mwaka 1981 ikaja sheria ya vituo vya kulelea watoto mchana. Mwaka 1991 nchi yetu ikaridhia Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa. Waliofanya kazi na watoto na familia kwa miaka mingi walikuwa watu wa vyeti, stashahada na semina za siku chache. Siwadharau kabisa, kazi kubwa waliifanya.

Mfano mzuri uko ng'ambo ya milima yetu, mkoani Iringa. Kati ya 1983 na 1988 mpango wa lishe uliosaidiwa na WHO na UNICEF uliendeshwa kuanzia vijiji 168. Siku ya afya ya kijiji watoto wanapimwa uzito, matokeo yanasomwa mbele ya wanakijiji wenyewe, wanajiuliza kwa nini mtoto wa fulani amepungua, wanakubaliana la kufanya, baadaye wanapima tena. Utapiamlo mkali ulishuka kutoka kama asilimia 6 hadi karibu asilimia 2. Fikra zilizokomaa Iringa ziliingia kwenye mchoro wa UNICEF wa mwaka 1990 unaoeleza visababishi vya utapiamlo, ambao bado unafundishwa vyuoni. Tazama mzani ulivyofanya kazi: ulichukua kile ambacho mama anakiona kwa jicho, ukakigeuza kuwa kitu ambacho kijiji kizima kinakiona na hakiwezi kukikana.

Ifakara, chandarua na mdogo wangu

Sasa turudi bondeni. Miaka ya 1950 Mswisi Rudolf Geigy wa Taasisi ya Tropiki ya Basel alianzisha maabara ndogo Ifakara. Mwaka 1961 kikafuata kituo cha kufundisha wahudumu wa afya wa vijijini. Maabara ile ndiyo mama wa Taasisi ya Afya Ifakara. Mwaka 1993 watoto wa kijiji cha Idete, wa mwaka mmoja hadi mitano, 586 kwa idadi, walishiriki jaribio la chanjo ya malaria iliyotoka Colombia. Matokeo ya Idete yalitia moyo, ila majaribio ya Gambia na Thailand hayakuonyesha faida, chanjo ile ikaachwa. Mwaka 1996 watafiti wakaanza kuzungukia kaya za vijiji 25 vya Kilombero na Ulanga kila baada ya miezi minne, kuandika nani kazaliwa, nani kahama, nani kafa. Mwaka 1997 ukaanza mradi wa vyandarua vyenye dawa. Wazee wetu wanavikumbuka kwa jina la Zuia Mbu. Matokeo yaliyochapishwa 2001 yalionyesha kwamba kulala kwenye vyandarua vile kuliendana na ongezeko la asilimia 27 la kuishi kwa watoto wa mwezi mmoja hadi miaka minne.

Bado kulikuwa na degedege. Anayetoka kwetu anajua. Mtoto anakakamaa, macho yanageuka, anatetemeka, na wakubwa wanasema hiyo si homa, ni kitu kingine kimempitia. Ilisemwa kwamba akichomwa sindano wakati ule atakufa. Watafiti waliokaa na wazazi wa Ifakara miaka ya 1990 na kuwasikiliza badala ya kuwagombeza waliona kwamba akina mama hawakuwa wanaikataa hospitali. Homa waliipeleka hospitali, degedege waliipeleka kwa mganga, na wengi walitumia vyote viwili kwa zamu. Ukijua hivyo huwezi tena kumwambia mama "ninyi mna ushirikina" ukaondoka. Unaanzia pale anapoanzia yeye.

Haya, mdogo wangu. Ilikuwa mwaka 2011, Machi, yeye ana miaka mitatu. Mnajua msimu wa mpunga kwetu familia zinahamia shamba, mnakaa kwenye kibanda miezi kadhaa mkilinda ndege na kupalilia. Usiku akashikwa na degedege. Mama alilia, bibi hakulia. Bibi alimlaza ubavu, akasema sindano au si sindano, huyu anakwenda hospitali, na baba mdogo (ndiyo, huyu huyu wa kucheka) akamfunga mgongoni kwa khanga akapiga baiskeli gizani kwenye matope. Alipona. Kwenye hesabu za watafiti yeye ni mtoto aliyeishi. Tulimshukuru Mungu tukadhani yamekwisha.

Akaanza shule. Darasa la kwanza hivi hivi, la pili hivi hivi. Darasa lina watoto wengi kupita kiasi, akawekwa nyuma. Mwalimu akamwita mzito, na watoto wakadaka hilo jina wakamwita hivyo hivyo, Mzito. Akapigwa kwa kutojibu anapoitwa. Siitaji hiyo shule, na hata yule mwalimu simlaumu sana, kwa sababu sasa najua ni nini alichofundishwa chuoni na nini hakufundishwa. Lakini nyumbani bibi alikuwa anasema kitu tangu mtoto ana miaka minne. Alikuwa anasema, "Huyu ukimwita anageuza shavu." Sisi tulicheka tukadhani ni madaha. Alipofika darasa la tano ndipo alipopimwa, ikaonekana sikio moja halisikii kabisa na la pili linasikia kwa shida.

Bibi alijua tangu mwanzo. Aliona alichokuwa anakiona Ainsworth sebuleni kwa watu: kitu kidogo, kinachojirudia, cha mtoto huyu na si cha mwingine. Lakini neno la bibi halikuwa na pa kwenda. Shuleni hakuna aliyemuuliza, na angekwenda mwenyewe angeambiwa mama rudi nyumbani. Zilipotea shilingi ngapi za viboko na miaka mingapi ya "mzito", sipendi kuhesabu.

Kwa hiyo digrii inafanya nini

Hapa ndipo nilipopata jibu la baba mdogo. Bibi analea vizuri watoto wake na wajukuu wake. Mtoto ambaye hana bibi, au ambaye bibi yake hasikilizwi, huyo anahitaji mtu mwingine ambaye kazi yake ni kuangalia, kusikiliza, na kuligeuza neno la bibi kuwa karatasi ambayo mwalimu mkuu, daktari na hakimu hawawezi kuipuuza.

Sheria yenyewe inamtaka mtu huyo. Sheria ya Mtoto ya 2009, ambayo ndiyo iliyozika ile shilingi 100, inazipa halmashauri wajibu wa kulinda watoto kupitia maafisa ustawi wa jamii. Mahakama inaweza kumtaka afisa huyo aandike taarifa ya uchunguzi wa familia kabla ya kuamua kuhusu matunzo. Malezi ya kambo na kuasili mtoto vyote vinapitia mikononi mwake. Zanzibar nao wana sheria yao ya mtoto ya 2011. Sasa fikirini: unaingia nyumba ya watu kwa saa moja, unazungumza na mtoto mwenye hofu, halafu unaandika karatasi itakayoamua alale wapi. Kazi hiyo huifanyi kwa huruma peke yake. Unahitaji kujua mtoto wa miaka minne anaweza kusema nini na hawezi kusema nini, swali gani linamtia maneno mdomoni, ukimya wake una maana ngapi.

Mafunzo ya kuwapata watu hao yamekuwa yakija kwa njia mbili. Moja ni ya chini: kuanzia miaka ya 2006 na 2007 Taasisi ya Ustawi wa Jamii, ikishirikiana na chuo cha Jane Addams cha Chuo Kikuu cha Illinois, Chicago, ilifundisha wasaidizi wa ustawi wa jamii wa ngazi ya kijiji, mafunzo mafupi darasani na kisha kazini kwa usimamizi. Njia nyingine ni ya juu. Kati ya 2001 na 2004 Alan Pence wa Chuo Kikuu cha Victoria, Kanada, aliendesha uzamili wa makuzi ya awali ya mtoto kwa wanafunzi 30 kutoka nchi 10 za Afrika, Tanzania ikiwemo. Walibaki kwenye kazi zao nchini mwao, wakisoma kwa intaneti na kukutana kwa semina za wiki chache, na 27 walimaliza. Nimeipenda sana hiyo. Mtu anasomea tatizo lililo mezani kwake, halikimbii.

Na kazi ipo. Desemba 2021 serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayohusu watoto wa umri wa miaka 0 hadi 8, ikitaka afya, lishe, ulinzi, malezi yenye mwitikio na ujifunzaji wa awali viende pamoja. Someni hiyo orodha tena mkimfikiria mdogo wangu. Afya ilimwokoa. Shule ilimpokea. Kati ya afya na shule hapakuwa na mtu.

Ila nakubali na upande wa baba mdogo. Bonde letu limeulizwa maswali tangu enzi za Culwick. Kama nitasoma ili niwe mtu wa kupita na dodoso, niandike kizungu, niondoke na Land Cruiser, basi afadhali nifundishe tu Kiswahili na Historia nilipe magunia ya watu. Na siamini kwamba kila mwalimu lazima awe na uzamili. Naamini kila kata ingekuwa na mtu mmoja tu anayejua kusoma mtoto na kuandika alichosoma, mdogo wangu asingeitwa Mzito.

Jumapili iliyopita nikapiga simu nyumbani nikamweleza baba mdogo yote haya, mpaka salio likakaribia kwisha. Akanyamaza. Kisha akasema, "Hilo la shavu nalikumbuka." Tukakubaliana hivi: nikimaliza natafuta kazi kwanza, hata ya kujitolea, nisaidie kifaa cha kusikia cha mdogo wangu, halafu baada ya miaka miwili naomba nafasi ya uzamili, ikiwezekana ule wa kusoma huku unafanya kazi. Nami nikaona ni haki.

Bibi akaomba simu. Alikuwa amesikiliza habari za yule mama wa Uganda akawa na swali moja tu: "Huyo Mzungu, alikuwa na watoto wake mwenyewe?" Nikamwambia hapana bibi, hakujaliwa. Akafikiri kidogo akasema, "Basi ndiyo maana alipata muda wa kuangalia."

Salio likakata hapo hapo.

Haya wadau, naomba kutoa hoja. Kwenu aliyekuwa anageuza shavu alikuwa nani, na nani alimwona wa kwanza? Niandikieni. Na wale wa kikundi changu, Jumatatu saa mbili, njooni na kazi, msije na majina tu. Usiku mwema.